Somo la Historia: Neno "Wewe" Katika Nchi ya Vietnam

Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize. Somo letu la leo laanza na swali dogo: neno moja la Kiingereza laweza kufasiriwa kwa maneno mangapi?

Mwingereza akikutana na mtoto humwuliza, "How are you?" Akikutana na mzee mwenye mvi humwuliza vilevile. Neno lake "you", yaani wewe, halibadiliki. Kwetu si hivyo. Mtoto humwamkia mzee shikamoo, naye huitikiwa marahaba.

Sasa twende mbali, bara la Asia, mpaka nchi ya Vietnam. Huko adabu imo ndani ya neno "wewe" lenyewe. Ukitaka kumjulia hali mwanamume mzee, humwambii wewe; wamwita ông, maana yake babu. Mwanamke mzee ni bà, yaani bibi. Kijana aliyekupita umri kidogo ni anh, kaka. Akiwa mwanamke ni chị, dada. Mdogo wako ni em. Hata "mimi" hubadilika: mbele ya babu utajiita cháu, mjukuu. Basi mfasiri hawezi kuifasiri salamu ile ya Kiingereza mpaka ajue nani asema, na nani aambiwa.

Je, jambo hili ni dogo? Historia yatuonyesha kuwa si dogo. Wafaransa walianza kuitawala Vietnam katika karne ya 19. Kifaransa kina maneno mawili ya "wewe": moja la heshima, na moja la kumwambia rafiki au mtoto. Wafaransa wengi waliokuwa huko walimwambia mtu mzima wa Vietnam neno lile la mtoto. Ni neno fupi, lakini liliumiza.

Tarehe 2 Septemba 1945, katika uwanja wa Ba Dinh mjini Hanoi, Ho Chi Minh alisimama mbele ya umati mkubwa akatangaza uhuru. Alianza kwa maneno ya Tangazo la Uhuru la Marekani la mwaka 1776. Maneno hayo yaliandikwa kwa Kiingereza. Yeye aliyasoma kwa Kivietnam. Kiingereza chake kina neno "men", ambalo laweza kuwa na maana ya wanaume tu. Katika Kivietnam likawa mọi người, yaani watu wote. Kisha akaongeza maelezo yake: maana yake ni kwamba mataifa yote ya dunia yamezaliwa sawa.

Na umati ule aliuitaje? Aliwaita đồng bào, maana yake waliotoka katika mfuko mmoja wa uzazi. Wavietnam wana hadithi ya kale ya mama Âu Cơ, aliyezaa mfuko wenye mayai 100, yakatoka watoto 100, ndio wazee wa taifa lao. Sisi twasema ndugu wa tumbo moja. Nao wananchi walimwita yeye Bác, yaani baba mkubwa.

Siku sita baadaye, tarehe 8 Septemba, serikali yake ilitoa amri: katika muda wa mwaka mmoja kila mtu aliyezidi miaka 8 ajue kusoma na kuandika. Watu wazima wengi wakaingia darasani, kama ninyi. Kazi haikwisha kwa mwaka mmoja, na Desemba 1946 vita na Wafaransa vilienea nchi nzima. Lakini masomo yaliendelea.

Basi twajifunza nini? Kufasiri si kubadili neno kwa neno tu. Ni kujua mtu aliye mbele yako ni nani, na kumpa heshima yake.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni majina matano mnayowaitia watu nyumbani badala ya kusema "wewe". Kisha kila mtu amsomee jirani yake. Kwaherini, hata juma lijalo.