Upendo Unaojifunza: Kutoka Yambuku Hadi Kikwit



Wengi wenu hutuambia kwamba mnatamani kusomea uganga au uuguzi ili mwasaidie wagonjwa. Nia hiyo ni njema. Lakini historia ya nchi yetu inatuonyesha kwamba nia njema peke yake haimlindi mgonjwa.

Mwaka 1976, katika misioni ya Kikatoliki ya Yambuku, jimboni Équateur, palikuwa na hospitali yenye vitanda 120. Watumishi wake walikuwa 17, miongoni mwao masista kutoka Ubelgiji. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano kwa kazi ya siku nzima. Baada ya kumchoma mgonjwa mmoja, pengine walisuuza sindano katika maji ya vuguvugu tu, kisha wakamchoma mwingine. Hivyo ugonjwa usiojulikana bado, ambao baadaye uliitwa Ebola, ukapita kutoka mwili hadi mwili. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao wakafa. Katika wale watumishi 17, walifariki 11.

Tusiwahukumu. Vifaa vilikuwa haba, nao walikufa wakihudumu. Hata Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kinshasa aliyetumwa kuchunguza, aliwatoa wagonjwa damu bila glavu. Yeye mwenyewe amesimulia hayo waziwazi, na jinsi alivyonawa mikono kwa sabuni. Mwalimu asiyeficha udhaifu wake huwafundisha wanafunzi mara mbili.

Mwaka 1995 ugonjwa ulizuka Kikwit. Katika Hospitali Kuu, waganga na wauguzi waliompasua mgonjwa mmoja bila kujua ana nini waliambukizwa. Kati ya wagonjwa 315 wa mlipuko ule, karibu robo walikuwa watumishi wa afya. Masista sita wa shirika la Bergamo, Italia, walifariki katika majuma machache. Mwaka 2021 Papa Fransisko alitambua fadhila zao za kishujaa.

Muyembe alikuwapo tena, safari hii akiwa na maarifa ya Yambuku. Chanjo haikuwapo. Wagonjwa walitengwa; glavu, barakoa na aproni zikaletwa. Watumishi, wakubwa kwa wadogo, walifundishwa namna ya kuvaa na kuvua vifaa hivyo, kutupa sindano na kuzika wafu kwa usalama. Maambukizi kati yao yakapungua sana, na mwishowe mlipuko ukazimika.

Kwa hiyo tunajifunza nini? Kwanza, kunawa mikono na kuchemsha vyombo ni tendo la huruma sawa na kumketia mgonjwa kitandani pake. Pili, mafunzo hayawahusu wanafunzi tu: mganga mkuu na profesa wanapaswa kujifunza pia, na kukubali kukumbushwa na muuguzi kijana. Tatu, kosa likifichwa kwa aibu, litamwua mgonjwa mwingine. Likisemwa kwa unyenyekevu, litamwokoa.

Katika mkutano wenu wa juma hili, jiulizeni: tukimwona mkubwa wetu akikosea katika kazi inayogusa uhai wa watu, je, tutakuwa na ujasiri wa kumwambia kwa heshima? Na sisi tulio wakubwa, je, tutasikiliza?

Kristu aliyewaponya wagonjwa atujalie mikono safi na moyo unaofundishika.