Kesi ya Kilwa na wenye hisa wa Kalukundi

Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Siku iliyofuata jeshi la taifa likaukomboa mji. Zaidi ya watu 70 waliuawa, nyumba ziliporwa, na wakaaji wengi walikimbia. Askari walisafirishwa kwa ndege zilizokodiwa na Anvil Mining na kwa magari yake. Kampani hiyo, iliyochimba Dikulushi, kama kilomita 50 kutoka Kilwa, ilisema serikali ndiyo iliyoiamuru kuvitoa.

Juni 2007 korti ya kijeshi hapa Lubumbashi haikumtia hatiani yeyote kwa uhalifu wa kivita wa Kilwa. Ilisema watu walikufa katika mapigano.

Familia zikaelekea Kanada. Novemba 2010 mashirika yalifungua kesi ya pamoja huko Montreal. Katika kesi ya namna hiyo mmoja husimama kwa niaba ya wengi wenye dai lilelile, na mjane asiye na pesa ya avoka naye anabebwa. Aprili 2011 jaji alikubali iendelee. Januari 2012 korti ya rufaa ikaizima: ofisi ya kampani pale Montreal, ilisema, haikuhusika na yaliyotokea Kilwa. Novemba mwaka huo Korti Kuu ya Kanada ikakataa kuisikiliza. Kwa hiyo ushahidi wenyewe haukufunguliwa hata siku moja.

Sasa tazama wenye hisa wa Africo Resources, waliopoteza thamani ya mgodi wa Kalukundi, karibu na Kolwezi. Mfuko wa Marekani, Och-Ziff, ulikubali mwaka 2016 kulipa dola milioni 412 kwa kesi za hongo Afrika, Kongo ikiwemo. Mwaka 2019 jaji wa New York aliamua kwamba wenye hisa hao nao ni wahanga, na mwaka 2020 ikaamriwa walipwe kama dola milioni 135. Haikuwa kesi ya pamoja, ilikuwa fidia ndani ya kesi ya jinai. Lakini hesabu ni ileile: kila mmoja hupimwa kwa hisa alizoshika na tarehe alizozishika. Jina lake limo kwenye daftari.

Watu wa Kilwa hawakuwa na daftari. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, Banjul, ilitangaza uamuzi kwamba Kongo iwalipe wahanga 8 waliotajwa kwenye dai dola milioni 2.5, na iwatafute wengine ambao majina yao hayakuandikwa.