Kaburi na Kengele: Matembezi ya Kisauni

Msomaji mpendwa, huenda umepata kusikia habari za pagoda za Myanmar, nchi iliyoitwa zamani Burma. Katika mji wa Yangon iko pagoda kuu ya Shwedagon, iliyofunikwa kwa dhahabu. Mahujaji wa Kibudha huvua viatu, huizunguka kwa utaratibu, kisha hugonga kengele ili viumbe wengine nao washiriki thawabu ya ibada yao. Nchi hiyo i mbali nasi. Lakini ukiwa Mombasa, asubuhi moja yatosha kuona mahali pa heshima penye kengele, ingawa hapana dhahabu hata kidogo.

Toka kisiwani kwa daraja la Nyali, uingie bara ya Kisauni, kisha ugeuke kuelekea pwani ya Mkomani. Hapo, ng'ambo ya Mji wa Kale, ndipo alipozikwa Rosine Krapf. Bibi huyu aliwasili Mombasa mwaka 1844 pamoja na mumewe, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alijifungua mtoto wa kike. Homa ikamshika, akafa tarehe 13, na mtoto akamfuata baada ya muda mfupi. Aliomba azikwe bara, si kisiwani, ili wapita njia walione kaburi lake na kukumbuka jambo lililomleta. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa hiyo hiyo. Walakini hakurudi kwao. Mwaka 1846 alifungua misioni ya Rabai pamoja na Johannes Rebmann, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Basi, ufunguapo kamusi ya lugha yetu, likumbuke kaburi hili.

Sasa rudi kwenye barabara kuu, uende mpaka Kengeleni. Kila siku utingo wa matatu hulitaja jina hili kwa sauti kubwa, na abiria hushuka pasipo kuuliza asili yake. Asili yake ni kengele iliyotundikwa kando ya njia.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Manowari za Waingereza ziliyakamata majahazi yaliyouvunja, na watu waliookolewa walihitaji makao. Ndipo mwaka 1875 misioni ilipoanzisha kijiji hapa, kikaitwa Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyepelekwa kwa Sultani kutafuta mkataba ule. Kengele iliwaita watu kwenye sala. Tena yasimuliwa kwamba iliwaonya walipokuja wateka watumwa. Hebu fikiri, msomaji, moyo wa mama aliyekwisha kutekwa mara moja, anapoisikia kengele ikilia wakati usio wa sala!

Hofu hiyo haikuwa bure. Utumwa wenyewe ulikuwa bado halali katika pwani hii, nao haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1907. Watoro walipokimbilia misioni, mabwana zao walikasirika, na mwaka 1880 Frere Town ilitishwa kwa vita. Wala tusifiche ukweli: ndani ya kijiji chenyewe, waliowekwa huru walipigwa viboko vikali kwa amri ya wasimamizi, hata pakafanywa uchunguzi. Mtu aweza kutolewa katika minyororo asipewe bado heshima yake.

Heshima hiyo waliitafuta wenyewe. Miongoni mwao walikuwa wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliookolewa utotoni, wakapelekwa Nasik katika Bara Hindi, wakasoma na kujifunza kazi za mikono, kisha wakarejea. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekwa wakfu kuwa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Mwaka huo huo Jones alisafiri pamoja na askofu huyo kuelekea Uganda. Hannington alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia wa msafara kurudi Rabai.

Kabla hujaondoka, lizuru kanisa la Emmanuel, ambamo watu wa Frere Town walisali vizazi kwa vizazi. Vua kofia, punguza sauti, na ukimwona mzee wa mahali hapo, mwamkie na umwulize habari. Huko Shwedagon hujaji hugonga kengele ili kuwashirikisha wengine thawabu yake. Hapa Kisauni yakupasa kuikumbuka kengele iliyowakusanya watu wasio na ndugu wala nchi, wakawa jamaa moja. Utakapomsikia tena utingo akiita "Kengeleni!", mweleze aliyeketi karibu nawe maana ya jina hilo.