Veterani wa Amani: Kwa Nini Kalenda Isiwe Hakimu wa Utumishi wa Askari

Tarehe 23 Oktoba 1983, lori lililosheheni vilipuzi liliparamia kambi ya wanajeshi wa Marekani mjini Beirut na kuua wanajeshi 241 wa nchi hiyo. Kwa mujibu wa sheria ya Marekani inayosimamia pensheni ya maveterani, siku hiyo ilikuwa siku ya amani. Kipindi cha vita vya Vietnam kilikuwa kimefungwa tarehe 7 Mei 1975, na kile cha vita vya Ghuba hakikufunguliwa mpaka tarehe 2 Agosti 1990. Miaka kumi na mitano iliyo katikati, pamoja na Beirut na uvamizi wa Grenada na Panama, imeandikwa kuwa ya amani.

Nadai katika makala haya kwamba mstari huo wa tarehe unapima kitu kisichomhusu askari. Hakuna askari anayechagua vita. Anachochagua, pale anapokula kiapo, ni kuiacha haki ya kukataa kutumwa. Hapo ndipo uveterani unapopaswa kupimwa, kwa kuwa ndilo tendo pekee lililo mikononi mwake.

Sheria yenyewe, katika fasili yake ya msingi, inakubaliana nami. Veterani ni mtu aliyetumikia jeshi kwa wakati wote, akaondoka bila kufukuzwa kwa fedheha. Haitaji risasi wala uwanja wa mapambano. Uingereza imekwenda mbali zaidi, kwani huko hata aliyelipwa mshahara wa siku moja jeshini huhesabiwa. Kasoro ya Marekani inajitokeza ndani, mtu akishaitwa veterani na kufika kwenye dirisha la pensheni ya wazee na walemavu wenye kipato duni. Hapo kwa kawaida huulizwa kama alitumikia siku 90, na kama angalau moja kati ya hizo iliangukia ndani ya kipindi cha vita.

Siku hiyo moja inaleta matokeo ya ajabu. Mapigano ya Korea yalisitishwa Julai 1953, lakini kipindi chake kisheria kiliendelea hadi tarehe 31 Januari 1955. Karani aliyeandikishwa mwaka 1954 na kupiga chapa barua za ghala huko Kansas ana siku yake ya vita. Kipindi cha Ghuba nacho hakijafungwa hadi leo, hivyo kila aliyejiunga tangu 1990 anayo, hata kama hakuvuka mpaka wa jimbo lake. Aliyeokoa wenzake chini ya kifusi cha Beirut, kisha akaacha jeshi mwaka 1985, hana.

Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba kumweka aliyekaa kambini sawa na aliyepigana ni kumpunguzia mpiganaji heshima yake. Nakubali kwamba mapigano ni jambo la peke yake. Ndiyo maana zipo nishani, na vipo vyama ambavyo uanachama wake unamhitaji mtu awe amehudumu katika mapambano ng'ambo. Heshima hiyo ibaki. Lakini pensheni ya uhitaji si nishani. Na hatari haikusubiri vita itangazwe. Nyambizi Thresher ilizama Aprili 1963 ikiwa kwenye majaribio, wakafa watu wote 129 waliokuwamo. Katika kambi ya Lejeune, North Carolina, wanajeshi na familia zao walikunywa maji yenye kemikali za sumu kuanzia 1953 hadi 1987, na saratani haikuangalia tarehe. Fidia ya majeraha ya kazini ilikwisha kuutambua ukweli huo: zamani aliyeumia wakati wa amani alilipwa asilimia 80 ya kiwango cha mwenzake wa vitani, na mwaka 1972 Bunge likaifuta tofauti hiyo.

Wanaonitatiza zaidi ni askari wa akiba na wa Walinzi wa Taifa. Mpaka Desemba 2016, mtu angeweza kutumikia miaka 20, akastaafu, na bado asiitwe veterani kwa kuwa hakuitwa kazini kwa wakati wote. Sheria ya mwaka huo ikampa jina bila stahili mpya. Kigezo changu kinamwingiza ndani, kwani kwa miaka yote hiyo simu moja tu ingetosha kumtoa nyumbani. Sioni sababu ya kumpa stahili zote za aliyeishi kambini. Utumishi wa muda unaweza kulipwa kwa kadiri yake.

Suala hili linawagusa pia vijana wa Afrika Mashariki wanaojiunga na jeshi la Marekani wakitafuta uraia. Wakati wa amani sheria ya uraia inadai mwaka mzima wa utumishi. Wakati wa uhasama haitaji muda wa chini. Amri ya Rais ya Julai 2002 ilifungua kipindi cha uhasama kuanzia tarehe 11 Septemba 2001. Siku kitakapofungwa, wawili walioapa kwa kupishana wiki moja, wakalala bweni moja chini ya sajenti yuleyule, watajikuta chini ya masharti tofauti.

Mwaka 2019 Bunge lilitambua kwamba nchi imekuwa vitani mfululizo tangu tarehe 7 Desemba 1941, lakini kwa ajili ya uanachama wa chama cha maveterani cha American Legion tu; pensheni haikuguswa. Hatua iliyobaki ni ndogo kisheria: kuondoa sharti la siku moja ya vita, na kuacha masharti ya umri, ulemavu na kipato yaliyomo tayari yafanye kazi ya kuchuja.