Jua la Emali na usafishaji wa majitaka

Mtambo wa jua wa kusafisha majitaka ni chombo kinachotegemea miale ya jua kuua viini vya maradhi na kuvunja sumu zilizoyeyuka majini. Emali, mji ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi-Mombasa, Kaunti ya Makueni, uko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta na hauna uhaba wa jua. Uhaba ni wa maji, na katika nchi kame maji yaliyokwisha kutumika ni mali, mradi yasirudi mezani yakiwa na kipindupindu.

Kwamba jua huua viini kulithibitishwa jirani tu, huko Kajiado. Mwaka 1996 Ronán Conroy na wenzake kutoka Ireland walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio lililohusu watoto 206 wa Kimaasai, ambapo kundi moja lilinywa maji yaliyoanikwa juani ndani ya chupa za plastiki. Kuhara kulipungua. Baadaye kipindupindu kilizuka eneo hilo, na ripoti ya mwaka 2001 ikaonyesha kwamba kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 walionywa maji ya jua, 3 pekee waliugua. Kati ya 144 wasiotumia njia hiyo, waliugua 20. Kwa watu wazima na watoto wakubwa, tofauti ya maana haikuonekana, jambo ambalo wapigadebe wa jua hupenda kulisahau.

Chupa hiyo huhitaji saa 6 za jua kali, au siku 2 kukiwa na mawingu, na maji yawe maangavu. Hapo ndipo majitaka yanapoleta taabu, kwani uchafu humeza miale ya urujuanimno kabla haijafika mbali. Kwa hiyo mbunifu hulazimika kwanza kuyatuliza maji, kisha kuyapitisha katika tabaka jembamba. Katika kituo cha Almería, Uhispania, watafiti wametumia mirija ya kioo iliyowekewa nyuma yake vioo vilivyopindwa, ili mwanga uipige pande zote bila mtambo kulifuata jua.

Wengine huongeza unga wa dioksidi ya titani, ambao ukimulikwa huzalisha chembe kali zinazovunja rangi na dawa za wadudu. Hata hivyo, unga huo hutumia urujuanimno tu, yaani sehemu ndogo mno ya nishati ya jua, na lazima uchujwe kabla maji hayajatoka.

Mtambo wa jua ulio rahisi kuliko yote Wakenya wanao tayari: mabwawa ya Ruai yanayopokea majitaka ya Nairobi. Mwani hutoa oksijeni, bakteria hula uchafu, na jua huua viini katika mabwawa ya mwisho yenye kina kifupi. Kwa mji wa kiasi cha Emali, mabwawa ndiyo yangestahili kutangulia, na mirija ihifadhiwe kwa maji machache ya kumwagilia mboga. Gharama yake ni ardhi, pamoja na maji yanayopaa kwa joto na kuacha chumvi.

Kwa mboga zinazoliwa mbichi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliruhusu bakteria wa kinyesi wasiozidi 1,000 katika mililita 100, na yai la minyoo lisilozidi 1 kwa lita. Mayai hayo hustahimili mwanga. Huondolewa kwa kuachwa yazame bwawani kwa siku kadhaa.