Jiwe Lililo Hai

Jiwe la tumbawe limewajengea watu wa visiwani misikiti na majumba, na lilipochomwa tanuuni likawapa chokaa ya kupaka kuta. Likiwa bado majini, hata hivyo, jiwe hilo ni mji uliojaa wakazi. Minyoo, sifongo, kaa wadogo na mwani hukaa juu yake na ndani ya matundu yake, na bakteria wasiohesabika hujificha katika vitundu visivyoonekana kwa macho. Waliotaka kuiweka bahari ndani ya kioo walichelewa mno kuutambua mji huo.

Mwaka 1846 Anna Thynne alichukua matumbawe hai kutoka Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, akayapeleka London. Ili maji yasivunde, yalimiminwa kutoka chombo hiki hadi kile, ili yapate hewa. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake, The Aquarium. Mapenzi ya bahari yakageuka homa, na watu wakateremka pwani na vikapu. Mwanawe, Edmund Gosse, katika Father and Son cha mwaka 1907, aliomboleza kwamba vidimbwi vya miambani vilivyompendeza utotoni vilikuwa vimeporwa na wakusanyaji.

Na hao walioporwa aghalabu walikufa. Kinyesi cha samaki na masalio ya chakula huzaa amonia, nayo ni sumu. Mnamo 1890, Sergei Winogradsky, akifanya kazi Zürich, aliwatenga bakteria ambao kazi yao ni kuigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Siri ilikuwa imefichuka, lakini wafugaji wa samaki wa baharini waliendelea kutegemea vichujio.

Aliyewaonyesha njia nyingine ni Lee Chin Eng wa Jakarta, katika makala iliyochapishwa Marekani mwaka 1961. Tangi lake lilikuwa na maji ya bahari, mawe hai, matumbawe na viputo vya hewa, kichujio hakikuwamo. Jiwe lenyewe ndilo lililoyasafisha maji.

Lakini jiwe hai lina haki zake. Linapotolewa baharini na kusafirishwa, baadhi ya wakazi wake hufa njiani, na mizoga hiyo huoza. Mwenye tangi jipya hana budi kulisuuza kwa maji ya chumvi, wala si ya bomba, na kulisugua kwa brashi mpaka kinachonuka kimeondoka. Kisha huliacha katika mwanga hafifu, maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 27 na yakizunguka usiku na mchana. Amonia ikizidi, hubadilisha sehemu ya maji. Amonia hupanda na kushuka, nitriti hufuata nyayo zake, na mwisho hubaki nitrati. Aghalabu hizo ni wiki 3 hadi 6 za kungoja. Anayetia samaki kabla ya amonia na nitriti kufika sifuri humtosa katika sumu. Subira, walisema wahenga, ni ufunguo wa faraja.

Subira hiyo ni deni pia. Mawe yalipokuwa yakibebwa kwa wingi kutoka Florida, jimbo hilo liliyapiga marufuku katika maji yake mwaka 1989, na kufikia 1997 marufuku ilikuwa imeenea katika maji ya shirikisho. Wavunaji walioruhusiwa kuendelea walitakiwa kutosa mawe yaliyochimbwa nchi kavu na kungoja mpaka bahari iyavishe uhai. Kwa hiyo anayeliacha jiwe lake likaoza kwa pupa ya kuona samaki ameikosesha bahari mji mzima, na tangini mwake amebaki na chokaa.