Chanjo ya Ebola Bwera

Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na jamaa zake alipokewa Hospitali ya Kagando, Kasese, akitapika damu, akahamishiwa Bwera. Tarehe 11 vipimo vilithibitisha Ebola. Yeye na bibi yake walifia Bwera. Bahati njema, Uganda ilikuwa imekwisha kuchanja wahudumu wa afya 4,700 hivi tangu Novemba 2018. Siku chache baadaye walichanjwa waliokutana na wagonjwa, kisha waliokutana na hao. Chanjo hiyo, iliyobuniwa Kanada, ni kirusi kingine kilichobebeshwa protini ya Ebola ili mwili ujifunze kuitambua. Huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, mzigo mzito kwa hospitali ya mpakani. Tena hulenga aina ya Zaire, si ile iliyogunduliwa 2007 Bundibugyo, ng'ambo ya Rwenzori.